Laibrari ya Kavata Inakataa Kutoka

Benchi yangu iko mkabala na duka la mbegu hapa Kathonzweni, na kahawa yangu ina tangawizi kupita kiasi kwa sababu ndivyo ninavyoipenda mimi. Wateja wa kila siku ni wawili: Wakili, ambaye hajasomea sheria popote ila hakosi kesi hata moja kortini, na Spana, fundi wa pikipiki. Wiki hii ameongezeka Nzomo na laptopu yake. Yeye na Kavata ndio walioandika programu inayolinda vyumba baridi vya maembe vya ushirika wetu. Huyo Kavata, Nzomo alimpelekea mbuzi wa ntheo kwao Mbooni, na kwetu ukishapeleka ntheo, huyo ni mke. Kavata alikwenda Kanada kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa tatu.

— Siku ya nne sasa, Nzomo alisema. Nikitoa laibrari ya Kavata, dakika tatu haziishi, programu yote inakufa. Vyumba vinazima na maembe iko ndani.

— Laibrari ni vitabu? Spana aliuliza.

— Ni kipande ya programu. Kavata aliandika mahali moja vile baridi inasomwa, na kila chumba inatumia hiyo hiyo. Kuna thredi sita, moja kwa kila chumba. Ni kama wafanyakazi sita wanatumia ujuzi ya mtu mmoja. Sasa tumeletewa vipimo vipya, laibrari ni mpya, ya zamani lazima itoke. Na programu haiwezi simama.

— Si uache zote mbili zikae?

— Hiyo kompyuta ni ndogo, itajaa. Na chairman amesema saa sita ikifika kama sijamaliza, anatafuta mtu mwingine.

Wakili alikohoa.

— Kisheria huyo ni mpangaji. Mpe notisi ya mwezi moja.

— Thredi inajua kusoma notisi? Spana alisema. Sikia, Injinia. Panda milima ya Mbooni mpaka juu, weka gia neutral, teremka. Hapo katikati injini haina kazi, ndio unabadilisha cheni.

— Ukiwa umekalia pikipiki?

— Kwani mguu ni ya nini?

— Basi tuende kortini, Wakili alisema. Tuombe order, dakika ya tatu isifike.

Niliwaambia waache upuzi. Sisi wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, tuna sufuria moja kubwa ya harusi na matanga, na Katunge, mtunza vyombo wetu, haifungii stoo mpaka kila aliyeichukua aseme amemaliza.

— Nimehesabu hivyo, Mama, Nzomo alisema. Hesabu ni sifuri. Thredi zote sita zimetoka ndani.

— Na wale walisema waitwe tena? nilimuuliza. Kuna mtu anarudisha sufuria Jumamosi, anamwambia Katunge, Jumapili uniite. Huyo hayuko kwa hesabu yako.

Nzomo alisogeza kikombe kando. Akainamia laptopu, akasoma, akayapandisha maandishi, akayashusha tena. Kisha akaisogeza tuone, ingawa hatukuelewa kitu.

— Iko hapa. Kavata aliacha kengele. Kila dakika tatu, niite. Mimi natoa laibrari, kengele inalia, inamwita, na mahali yake hakuna kitu. Ndio inaanguka. Nafaa kufuta kengele kwanza, ningoje kama iko mtu bado ndani amalize, halafu nitoe.

— Basi futa, Spana alisema.

Hakufuta. Ilikuwa inakaribia saa sita, na kijana wa watu amekaa tu. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

— Jina yake iko hapa juu, alisema polepole. Kila asubuhi programu ikiamka inaandika jina yake. Simu hashiki siku hizi. Hii ndio kitu yake moja imebaki inaniongelesha.

Hapo akaja mama mmoja, Muthoki, kutoka Matinyani, aliyekuwa akingoja miche dukani. Akaomba kahawa, akauliza mbona sote tunaitazama laptopu.

— Anatoa kitu ya bibi yake kwa kompyuta, Spana alimwambia. Bibi yuko Kanada. Ikienda vibaya maembe yote inaoza na kazi inaenda.

Nzomo alifuta kengele. Akangoja, akaitoa laibrari. Spana alishika simu yake akihesabu. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilifika ikapita, ya nne pia, na vyumba vyote sita vilionyesha kijani, baridi iko sawa.

— Imekubali, Wakili alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Nzomo alikuwa akilia, na hakujificha.

— Haijasikia chochote, alisema. Inaendelea tu, ni kama Kavata hakuwahi kuwa hapa.

Muthoki aliweka kikombe chini.

— Samahani, mimi ni mgeni hapa. Kwani ulikuwa unataka ianguke?

  Nzomo aliyapandisha maandishi mpaka juu, pale palipokuwa na jina la Kavata, nasi tukatazama pamoja naye.