Kiti 3A: Hati ya Mwisho ya Tata Kabemba

Kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja, Tata Zéphirin Kabemba amepokea mali ya kampuni hii katika ghala kuu la Kolwezi. Aliingia tarehe 20 Novemba 1990. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Januari 2025. Katika muda huo jina la juu ya lango limebadilishwa mara tatu, na wakurugenzi wakuu kumi na mmoja wamepita, kila mmoja akiahidi enzi mpya. Tata Kabemba hakuahidi chochote. Alifungua makasha na kuhesabu.

Kwa wenzetu wa ghorofa ya kwanza ambao hawajawahi kushuka ghalani, tueleze kazi yenyewe. Mali ikifika, mpokeaji hushika karatasi mbili: moja inasema tuliagiza nini, nyingine inasema kimeletwa nini. Hutazama, hupima, hunusa ikibidi. Kisha hupiga muhuri. CONFORME maana yake kilicholetwa ndicho kilichoagizwa. NON CONFORME maana yake lori ligeuze. Bila muhuri wa kwanza hakuna mkataba unaosainiwa. Hiyo ni kanuni ya kampuni, iliyoandikwa na watu ambao hawakudhani kuna mtu ataifuata.

Yeye aliifuata. Mwaka 1997 alirudisha viatu vya kazi mia mbili, vyote vya mguu wa kushoto, na msafirishaji aliyemwambia kwamba vya kulia viko njiani akaambiwa asubiri naye njiani. Mwaka 2009 zikaja kofia za plastiki ngumu za wachimbaji, nzuri kwa macho, rangi ya chungwa. Tata Kabemba aliweka moja chini, akapanda juu yake kwa mguu mmoja, ikapasuka. Mwenye kuzileta alikuwa shemeji wa mkubwa fulani, na kwa sababu hiyo Tata Kabemba alipelekwa kupima mifuko ya chokaa kwa miezi mitatu. Kofia nyingine ziliagizwa. Miaka miwili baadaye jiwe la ukubwa wa sufuria lilimwangukia Mechack wa kitengo cha kusaga. Mechack bado yuko kitengo cha kusaga. Mkimwona leo kwenye sherehe, mwulizeni kofia yake ilipokelewa na nani.

Nje ya ghala pia hakupumzika. Inasemekana kwenye harusi ya mpwa wake, pale Manika, alizunguka keki mara mbili na kumnong'oneza bwana harusi kwamba ghorofa ya tatu ni katoni iliyopakwa sukari. Bwana harusi alijua. Ndiye aliyeiagiza.

Sasa tufike kwenye zawadi.

Mwezi Desemba, kwenye chakula cha mwisho wa mwaka, Bwana Kanku, mkurugenzi wa manunuzi, alisimama na bahasha. Alisema kampuni inajua kuwashukuru watoto wake. Ndani ya bahasha kulikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi Ulaya, anakofanya kazi ya uuguzi Falonne, binti wa Tata Kabemba, ambaye hakuwa ameonana na baba yake kwa miaka sita. Na si tiketi ya hivihivi. Ilikuwa classe affaires, yaani daraja la biashara, la mbele, lile ambalo wakubwa wetu hupanda wakienda kutuombea wawekezaji. Tulipiga makofi hadi mikono ikawasha. Anayeandika haya alipiga kwa bidii zaidi, na bado anaona haya.

Nyumbani kwake Dilala, katika nyumba ya kampuni, mke wake Mama Micheline aliposikia neno hilo hakuuliza zaidi. Kwetu *affaires* ni vitu, mizigo, mali ya mtu. Mtu akisema anakuja kuchukua *ba-affaires* zake, tunajua anakuja na toroli. Basi akaelewa kwamba hilo ni daraja la watu wenye mizigo, na kwa siku nne alifunga mizigo: unga wa bukari, ugali wetu, finkubala, yaani wale viwavi wakavu ambao Falonne huwaota, samaki wakavu wa Kasenga, sombe, yaani kisamvu, iliyokaushwa, na vitenge sita. Majirani walimcheka. Mume wake alisoma kijitabu cha shirika la ndege, akaona abiria wa daraja hilo anaruhusiwa masanduku mawili makubwa, kila moja kilo thelathini na mbili, na akamletea mizani.

Kijitabu hicho alikisoma kama anavyosoma agizo la mipira ya chuma ya kinu cha kusagia mawe. Kiliahidi mengi. Kitanda kinacholala kabisa, mita mbili. Chakula cha kuchagua, kilichobuniwa na mpishi mashuhuri. Sebule ya mapumziko kabla ya safari. Skrini yenye filamu mia tatu. Faragha. Neno faragha lilikuwa limeandikwa mara tano. Jina la shirika hatulitaji, maana tumeambiwa wanasheria wake wanajibu barua haraka kuliko wahudumu wake wanavyojibu kengele.

Aliondoka Lubumbashi asubuhi, mapema Januari, akiwa na daftari la shule na utepe wa kupimia aliouazima kwenye cherehani ya Mama Micheline. Hakutumwa na mtu. Ni mazoea tu. Wengine hupiga picha.

Tumesoma daftari hilo, na tunawapa sehemu yake kwa sababu hakuna mwandishi wa utalii atakayewapa. Sebule ya mapumziko: chumba chenye makochi matatu na televisheni inayoonyesha kwamba haina mawimbi. Non conforme. Glasi ya kukaribisha: glasi kweli, si plastiki, kinywaji baridi. Conforme. Skrini: ilionyesha ramani, na ndege juu ya ziwa, ikabaki juu ya ziwa hilo kwa saa tano. Non conforme. Blanketi: zito, safi. Conforme. Viatu vya kitambaa vya kuvaa ndani: saizi moja kwa wanadamu wote. Hapo hakupiga muhuri, aliandika tu, kwa herufi ndogo, kwamba angalau ni viwili na vya miguu yote miwili.

Chakula kilikuwa na kurasa nne za maelezo. Tata Kabemba alichagua samaki wa ukurasa wa pili. Mhudumu, msichana mwenye adabu ambaye daftari linamtaja mara tatu kwa sifa, aliinama akamwambia kwa huzuni kwamba samaki wameisha safu ya kwanza. Kulikuwa na safu tano. Akaletewa kuku, na kuku huyo, asema daftari, alikuwa amechoka kuliko abiria.

Saa saba mchana alijaribu kitanda, si kwa usingizi, bali kwa sababu kitanda kilikuwa kimeahidiwa. Alibonyeza kitufe. Kiti kililia, kikashuka, kikasimama katikati ya safari yake. Hakikuwa kiti tena na hakikuwa kitanda. Ukilala juu yake unateleza polepole kuelekea miguuni, na baada ya robo saa magoti yanagusa kidevu. Akatoa utepe. Mita moja na sentimita themanini na mbili. Akapima tena, kwa sababu anapimaga mara mbili.

Aliyekaa pembeni yake alikuwa mfanyabiashara wa kobalti, mtu wa Kolwezi hapahapa, saa ya dhahabu, abiria wa kila mwezi. Naye alikuwa ameteleza hadi mabega yako mahali pa kiuno. Tata Kabemba alimuuliza kwa heshima kama kitanda chake kinalala. Yule bwana alijibu bila kufungua macho:

"Tata, huku mbele batu habalalamike. Kulalamika ni ya kule nyuma."

Sentensi hiyo ingetosha kuwekwa kwenye fremu. Nimesoma vitabu vinene juu ya jinsi watu wenye uwezo wanavyodanganyana, na hakuna kilichoisema kwa uchache hivyo. Wanachouziwa mbele si kitanda. Wanauziwa pazia, lile la kitambaa cha bluu linalowatenga na watu wa nyuma, na mtu aliyekaa upande wake mzuri hawezi kukiri kwamba shingo inamuuma. Na watu wa nyuma, tusisahau kuandika, walifika dakika ileile.

Kitu kimoja tu katika ukurasa mzima wa ahadi kilitimia kwa gramu. Masanduku mawili, kilo thelathini na mbili na thelathini na mbili, yalitoka ya kwanza kwenye mkanda wa uwanja wa ndege, unga haujamwagika, finkubala wote wapo. Mizigo: conforme. Kwa hiyo katika Kolwezi nzima aliyeielewa classe affaires kwa usahihi ni Mama Micheline. Falonne alilia mara mbili pale uwanjani, kwanza kwa baba yake, halafu kwa samaki.

Hadithi ingeishia hapo, na tungecheka, na Tata Kabemba angepewa saa ya ukutani kama wengine. Lakini Jumatatu tarehe 27, akiwa amesharudi, siku nne kabla ya kustaafu, Bwana Kanku alimwita ofisini. Mjumbe mmoja wa wafanyakazi alikuwapo, ndiye anayeandika. Mezani kulikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa hati ya mapokezi. Kwenye mstari wa maelezo iliandikwa: kiti kimoja, namba 3A, daraja la mbele, sampuli ya majaribio. Ndiyo. Zawadi tuliyoipigia makofi ilikuwa sampuli. Shirika la ndege lilikuwa limeitoa bure ili kampuni ijaribu kabla ya kusaini mkataba wa miaka mitatu wa kuwabeba wakurugenzi wetu huko mbele, huku basi la zamu ya asubuhi kutoka Dilala likisukumwa na abiria wake kila mvua ikinyesha. Kanuni ikataka mpokeaji apige muhuri. Na mpokeaji, kwa bahati njema, alikuwa ameshakula kuku.

Karatasi ya pili ilikuwa barua ya nyumba. Wote mnajua desturi: anayestaafu hubaki miaka miwili katika nyumba ya kampuni, apate kujipanga. Barua ilikuwa tayari imechapwa, na haikuwa na saini. Bwana Kanku hakusema kwamba karatasi moja inategemea nyingine. Aliziweka tu bega kwa bega, akazinyoosha kwa vidole, akaongea juu ya umri, juu ya kupumzika, juu ya kuondoka vizuri. Mwisho akasema:

"Tata Kabemba, ni kiti tu. Hakuna mutu atakufa sababu ya kiti."

Tata Kabemba alikubali kwa kichwa. Alikuwa amekwishafungua daftari.

"Njo vile, patron. Kama ni kiti tu, sababu ya nini tunaogopa kuandika vile iko?"

Akajaza hati kwa mwandiko wake wa shule ya mapadri, kipengele kwa kipengele, bila chuki. Blanketi alilipa haki yake, na glasi, na yule msichana mwenye adabu, na mizigo. Chini kabisa akapiga muhuri. NON CONFORME. Kisha akaaga, akatoka, na barua ya nyumba ikabaki mezani. Mpaka leo tunaambiwa inaendelea kufanyiwa uchunguzi. Funguo zinatakiwa tarehe 10 Februari.

Msidhani alirudi nyumbani kama shujaa. Mama Micheline anashona sare za watoto wa shule iliyo ng'ambo ya barabara yao. Wateja wake wote wako Dilala, na nyumba pekee waliyo nayo ni ya Kasulo, vyumba viwili na sebule, dari bado. Mtaa huo mnaujua. Majirani walichimba kobalti chini ya vitanda vyao, na sakafu ya nyumba yao ni nzima kwa sababu kila aliyekuja na sururu walimfukuza. Kwa siku mbili Mama Micheline alimwekea chakula akarudi kwenye cherehani. Siku ya tatu alimuuliza, na ametuambia mwenyewe tuandike:

"Mara moja tu, Baba Falonne. Ulishindwa kufunga macho mara moja tu?"

Akamjibu kwamba hilo ndilo lililomzuia usingizi. "Nikifunga leo, batasema hata zile zingine nilikuwa nafungaka."

Zile zingine. Viatu, kamba za winchi, barakoa za kuzuia asidi, kofia. Mama Micheline aliwaza juu ya kofia, anasema, kwa sababu mama yake Mechack husali naye kanisa moja. Halafu akaanza kushusha mapazia ili ayafue kabla ya kuhama.

Mkataba wa viti haukusainiwa. Kwenye ubao wa matangazo wa ghorofa ya kwanza kuna tangazo la kumtafuta mpokeaji mpya, na sifa ya kwanza inayotakiwa ni "moyo wa ushirikiano". Vijana wa ghala wamelisoma. Ndaya, aliyefundishwa kazi na Tata Kabemba kwa miaka tisa, ameomba nafasi hiyo, na kwenye barua yake ya maombi amejieleza kwa mstari mmoja kwamba anajua kusoma karatasi mbili.

Tata Kabemba, kwa niaba ya kila mtu hapa ambaye kichwa chake bado kiko juu ya mabega: asante. Asante na wewe, Mama Micheline, uliyelipa sehemu ya muhuri ule bila kuulizwa. Tunawaombea afya, miguu yenye nguvu, wajukuu wenye kelele, na wateja wa sare watakaovuka mji kuwafuata.

Kuhama ni Jumamosi tarehe 8 Februari, saa mbili asubuhi, kutoka Dilala. Cherehani itabebwa kwa mkono, haitapanda lori. Kuna kabati la mninga, la mahari ya Mama Micheline, linalohitaji watu sita. Wa ghorofa ya kwanza nao wanakaribishwa kulishika, upande wa chini. Hadi jana jioni orodha iliyoko ghalani ilikuwa na majina arobaini na moja. Jina la kwanza ni la Mechack.