Mzee Dodoso, Aliyeuliza Watu Wanapikia Nini

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, kabla hatujamsindikiza kaka yetu mkubwa, ambaye nyote mlimjua kwa jina la Mzee Dodoso, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, kazi ya kuisoma safari yake, na naomba mnivumilie kwa kuwa mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Niseme mapema kwamba maneno haya hayakupita bila ugomvi, shangazi yetu amesema marehemu hasemwi, na shangazi ninamheshimu, lakini marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, alinishika kidole akaniomba habari ya ugonjwa wa mkewe isomwe kama ilivyokuwa, mbele za watu, asizikwe na uongo wake. Basi shangazi unisamehe, nasoma.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya matanuri ya matofali, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa mchoma matofali na mkewe. Matanuri yale yalikula kila mti uliokuwa karibu, kwa hiyo baba akichoma magogo mchana kutwa, mama alitembea saa mbili kutafuta vijiti vya kuchemshia uji, na marehemu alikwenda naye, kwanza akiwa mgongoni, kisha ameshika upindo wa nguo, kisha na mzigo wake mwenyewe kichwani. Alipenda kutusimulia kwamba alijifunza kuhesabu kwa vijiti hivyo, maana mama alimwambia vijiti kumi ni uji na vijiti thelathini ni maharage, na siku zenye vijiti ishirini na tano walikula uji tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1965, katika shule iliyokuwa upande wa pili wa matanuri, ambako kila mwanafunzi alitakiwa kufika na kipande cha ukuni kwa ajili ya jiko la walimu, na alichapwa fimbo nne kwa kumuuliza mwalimu mkuu vipande mia tatu kwa siku vinapika chai gani hiyo isiyoisha. Tangu hapo maswali hayakumtoka. Alisoma sekondari ya bweni mwaka 1966 hadi 1969, na cheti cha takwimu mwaka 1971 hadi 1972, akafaulu vizuri, ingawa mwandiko wake, wote mliofanya naye kazi mnakumbuka, ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino.

Tarehe 2 Julai 1973 aliajiriwa idara ya takwimu akiwa mdadisi, yaani yule mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali ziitwazo dodoso, akapanda kuwa msimamizi wa wadadisi mwaka 1985, na akastaafu tarehe 14 Machi 2011. Kwa miaka hiyo yote swali lake kubwa lilikuwa moja, kaya hii hutumia nishati gani kupikia, na alikwenda kuliuliza milimani ambako watu walichoma magunzi na kinyesi cha ng'ombe kwa kuwa miti ilikwisha enzi za babu zao, akaliuliza kwenye tambarare ambako mwanamke aliondoka alfajiri na kurudi adhuhuri na mzigo wa miiba, akaliuliza mijini, kwenye vyumba vya kupanga, ambako mkaa ulinunuliwa kwa kopo na jiko la mafuta ya taa lilikaa chini ya kitanda walicholala watoto. Alirudi kutoka safari moja akatuambia kwamba ameona nyumba yenye gunia zima la maharage na watoto waliolala njaa, kwa sababu maharage yanataka moto wa saa tatu na moto haukuwapo. Alisema watu wa ofisini wanadhani njaa ni kukosa chakula tu.

Sifa yake kazini ilikuwa kutodanganyika. Watu wana haya zao, mtu anaweka mtungi mtupu wa gesi pembeni ili mgeni auone, ukimuuliza anakujibu gesi bila kupepesa macho, kumbe anapikia maranda ya mbao, na marehemu aliwafundisha vijana wake wasiuamini mdomo, waombe maji ya kunywa, wakishaingia ndani watazame dari na matako ya sufuria, kwa kuwa nyumba njema si mlango. Alikuwa akisema mdomo una adabu, sufuria haina. Vijana walimwogopa, wakampenda, wakampa hilo jina la Dodoso ambalo hata mimi ndugu yake nililizoea nikasahau la kuzaliwa.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1977 na shemeji yetu, mfumaji wa vitambaa, mwanamke mcheshi mwenye vidole vyepesi, ambaye alitutania mashemeji zake kwamba ameolewa na dodoso, akitaka kubusiwa sharti ajibu kwanza maswali kumi na mawili. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1980, ambaye leo ni mwalimu, na yupo hapa mbele yenu. Nyumba yao mliijua, sebule ya rangi ya samawati, vyumba viwili, na jiko dogo nyuma lisilo na dirisha, ambalo marehemu aliahidi kulitoboa dirisha mwaka 1988, akaahidi tena 1992, akaahidi tena 1999, leo kesho, leo kesho, kwa kuwa alikuwa safarini akiuliza wengine kama majiko yao yana madirisha. Mganga hajigangi, wazee walisema, na huyu wetu hata dawa alikuwa nayo mkobani.

Mwaka 1993, kwa kutimiza miaka ishirini ya kazi, ofisi ilimpa jiko la gesi la mafiga mawili pamoja na mtungi wake. Shemeji alilipikia siku arobaini na moja, alizihesabu, kisha gesi ikaisha, na pa kujazia mtungi palikuwa mbali na bei yake ilishindana na karo ya binti, basi jiko likafutwa vizuri, likawekwa sebuleni, likafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake ikawekwa redio, na shemeji akarudi kwenye kuni zake. Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi niliwahi kukaa karibu nalo nikasikiliza mpira.

Sasa nafika pale alipotaka nifike. Jumamosi tarehe 18 Agosti 2001, idara ikiwa kwenye udadisi wa kaya, nyumba ya marehemu ilichaguliwa kwa bahati kama zinavyochaguliwa nyumba nyingine, akatumwa kijana aliyefundishwa na marehemu mwenyewe, akakaa kwenye kochi, akauliza kaya hii hutumia nishati gani kupikia, na kaka yangu, aliyeumbua mitungi mitupu ya watu kwa miaka ishirini na minane, akajibu gesi. Nani amwambie mkubwa wake wa kazi naomba maji, naomba kuona sufuria? Kijana aliandika gesi. Shemeji alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, vidole vyote vina masizi, akamtazama mumewe, akacheka kidogo kwa pua, akarudi jikoni, na marehemu aliniambia kwamba muda wote kijana alipokuwa akiandika alimsikia mkewe nyuma ya ukuta akipuliza moto.

Kikohozi cha shemeji kilianza mvua za mwaka 2004. Tarehe 17 Mei 2006 marehemu alimpeleka hospitali kubwa, shemeji akiwa amevaa gauni lake jipya la zambarau nililomshonea mimi, na daktari kijana akamuuliza maswali mengi, kama anavuta sigara, kama kuna mwenye kifua kikuu nyumbani, na mwisho akamuuliza, mama unapikia nini. Shemeji alimtazama mumewe aliyekaa kando yake, kisha akasema gesi. Marehemu alinyamaza. Daktari akaandika, akatafuta kifua kikuu, akampa vidonge vya miezi minane visivyomsaidia, na miezi yote minane shemeji alirudi kila siku kwenye kile chumba kisicho na dirisha akainamia kuni, na kaka yangu akala alichopikiwa, akasema asante, akanyamaza. Mwezi Septemba 2007 daktari mwingine, mwanamama, hakuuliza kitu, alinusa shuka la mgonjwa tu, akasema mama huyu ana moshi wa miaka thelathini kifuani, na kwamba angetolewa kwenye moshi mapema angepata miaka kadhaa ya kupumua vizuri. Shemeji yetu alifariki Jumapili tarehe 3 Februari 2008.

Siku ya pili baada ya mazishi marehemu alimwita binti yake sebuleni akamweleza yote, kwamba uongo aliuanza yeye, na kwamba mbele ya daktari alikuwa na mdomo na hakuufungua. Binti aliinuka. Alifunga begi lake, akaenda kituo cha mabasi, na hakurudi kula katika nyumba ile.

Na hakukuwa na cha kula, ndugu zangu, kwa sababu tangu siku ile moto haukuwashwa tena pale. Kuni zilizobaki aliwapa majirani, akanywa chai kwa mama chai wa ng'ambo ya barabara, kwenye kona ya benchi, akala mkate na ndizi, siku za sikukuu akaja kwangu akala kama mgeni, ameshika sahani kwa mikono miwili. Mara nyingi nilimkuta jioni amekaa kwenye kigoda cha mkewe ndani ya lile jiko baridi, mlango umefunguliwa, hafanyi kitu, nikimwambia kaka toka huko utaugua ananijibu anapunga upepo, upepo gani chumba hakina dirisha, mimi nikaondoka, na Mungu anisamehe, mara nyingi niliondoka mapema kwa sababu sikuweza kuvumilia kumtazama. Kila mwaka alimwandikia binti yake barua, na kwa kuwa hakujua kuandika barua nyingine aliandika za kazini, swali la kwanza, je, u mzima, moja ndiyo, mbili hapana, swali la pili, je, wanafunzi wako ni watiifu, na la mwisho, je, kuna jambo ungependa kumwambia mhojaji. Aliandika barua kumi na sita na hakupata jibu hata moja.

Mwaka 2022 wadadisi walipita tena mtaani, akaja msichana mwenye kishikwambi, akauliza lile lile swali, na marehemu akamwambia kuna jibu lipo mwisho wa orodha, hakipikwi chakula katika kaya hii. Msichana alimwonea huruma, akasema babu niandike mkaa, wote hapa wanatumia mkaa, lakini marehemu alisimama karibu yake mpaka akaona kidole chake kimebonyeza panapostahili. Aliniambia ndilo jibu sahihi la kwanza kutolewa katika nyumba yake.

Tarehe 11 Agosti 2024 marehemu alipata kiharusi akiwa peke yake nyumbani, na kesho yake mama chai, alipoona kona ya benchi iko wazi mpaka saa nne, akaita vijana wakavunja mlango. Alilazwa siku kumi na saba, upande mmoja wa mdomo ukifanya kazi, na kwa upande huo aliniomba niliyowasomea, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza shingo kutazama. Nilimpigia binti yake simu Jumapili tarehe 25, akasema anakuja. Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 29 Agosti, saa tisa mchana, na binti alifika Ijumaa asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume waliomgeuza kila saa mbili bila kuchoka, inamshukuru mama chai, ambaye kwa miaka kumi na sita alimwekea kikombe chake kando, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya takwimu kwa gari na kwa kufika wengi hivi, na inawashukuru majirani, maana tulipokuja kuweka msiba tulikuta nyumba haina kiberiti wala mwiko, mkatuletea majiko yenu yakiwa tayari yamewaka.

Nilikuwa nimemaliza hapa. Lakini jana alasiri binti wa marehemu amenipa karatasi moja akaniomba niisome, yeye hawezi, nami nasoma kama alivyoandika. Anasema siku tatu kabla ya kufariki, mama yake alimwambia kwamba pale kwa daktari hakusema gesi kwa kumwogopa mumewe wala kwa kumfichia aibu, alisema kwa aibu yake mwenyewe, alikuwa amevaa gauni jipya, daktari alikuwa kijana nadhifu, na yeye, kwa siku moja tu, alitaka kuwa mwanamke anayepikia gesi. Akamwagiza, mwambie baba yako asijilaumu, namjua, atajilaumu. Binti anasema alikuja na ujumbe huo kwenye mazishi, akautunza mpaka watu watawanyike, kisha baba yake akamwita sebuleni akamweleza yake, naye akainuka akaondoka nao, mwaka wa kwanza akanyamaza kwa hasira, na miaka iliyofuata akanyamaza kwa kuona haya ya kuchelewa, na wiki hii, ndani ya basi, alikuwa akijisomea maneno hayo njia nzima asije akayakosea.

Kaka, shemeji alisema usijilaumu. Ndiyo maneno yenyewe, wala si marefu. Pumzika sasa, na amani aliyokutumia mkeo ikukute huko ulipo.