Hisa za Mama Bryson

Bryson, funga dirisha la upande wa Msimbazi, spika za wauza nguo zinanizidi sauti, na wewe Klara kaa karibu, maana nitakalosema nitalisema mara moja.

Chumba hiki na meza ya vitenge kule sokoni ni vyenu wawili, wanangu, gawaneni bila kelele. Hisa za kiwanda cha saruji si zenu. Najua, Bryson, umeshaahidi kuziuza ulipie fremu ya duka, kwa sababu tangu utotoni uliona jina lako kwenye cheti. Kosa lilikuwa langu: siku ya kununua, karani aliniuliza jina, nikamjibu kama sokoni wote wanavyoniita, Mama Bryson, naye akaandika hivyo hivyo. Kwa miaka kumi na tano nilimiliki hisa za mtu asiyekuwepo kwenye kitambulisho chochote.

Aliyeligundua ni Moza, muuza vifungo wa meza ya pili. Alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio. "Mama Bryson ni cheo chako cha nyumbani, shoga," akasema, "wale wanataka jina litakaloandikwa kaburini." Alifunga meza yake siku nne tukafuatilia kwa wakili, nikala kiapo kwamba Mama Bryson na Winifrida ni mtu mmoja, yeye akiwa shahidi.

Kwenye foleni ya kwa wakili ndipo Moza alipopata wazo. Sisi wa mezani hatuna mwajiri wala kiinua mgongo. Basi wanawake saba tuliokuwa na hisa, kila mmoja kwa jina lake, tuandikishe mfuko, tuzihamishie humo, tuusimamie wenyewe. Hisa haziuzwi, gawio linalipa pensheni ya kila aliyefikisha miaka sitini, na anayekufa anawaachia waliobaki. Nilitia saini kwa akili timamu. Miaka tisa sasa nakula pensheni hiyo, na dawa unazonipa, Klara, zinatoka humo.

Mafuriko ya bonde la Jangwani yalipoingia nyumbani kwa Moza, maji yalibeba kila kitu mpaka masufuria. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Tulimwambia sote sita aanze kuchukua pensheni, akakataa. Alilala stoo ya vifungo miezi miwili, akasema yeye ndiye mtunza daftari la mfuko, na mtunza daftari akivunja sharti kwa mafuriko, wa pili atalivunja kwa harusi na wa tatu kwa simu mpya. Nimeishi mji huu miaka hamsini na mbili, sijaona mtu mwingine aliyejinyima cha kwake ili cha wenzake kisiharibike.

Mwezi ujao anatimiza sitini. Klara kaniambia umeshaongea na wakili, Bryson. Ukiuzuia mfuko ule mahakamani, utakuwa umemzuia yeye.

Kwa hiyo nikishazikwa, usianzie kwa wakili. Nenda mezani kwa Moza asubuhi, mpe shikamoo, umkabidhi cheti changu cha kifo kwa mkono wako, maana bila hicho sehemu yangu haiwezi kuwa yao.

Maji, Klara. Kidogo tu.

Na kabla ya hapo, Bryson, kesho kanunue kwake kifungo cheusi. Gauni langu la kuzikwa limekatika kimoja. Atataka kukupa bure. Mlipe.

Mungu awape... awape afya, awape na jirani wa meza kama wangu. Njoo, Bryson. Nipe mkono. Huo. Usiuondoe kwanza.