Gaudiose Nzigire na Kitabu Kilichotoka kwa Jina la Mwingine

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tuyishime, mdogo wake marehemu, na historia hii nimeiandika mwenyewe, kwa sababu jana mwalimu Niyitegeka, aliyefundisha naye, alituletea ya kwake bila kuombwa, na humo kazi yote ya kalamu ya dada yangu ilikuwa sentensi moja, kwamba alipenda kusoma riwaya.

Maman Gaudiose Nzigire alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1974, akasoma hukohuko hadi diploma ya sekondari mwaka 1993, akarudi Rwanda na wazazi wetu Januari 1995, na tangu Septemba 1998 alifundisha Kifaransa hapa Gihundwe. Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Papa Christophe-Aimé Cubaka, mfanyabiashara wa mpakani, na watoto wao Ikirezi na Ciza mnawaona hapa mbele.

Mwaka 2021 alichukua riwaya ya kale ya Kifaransa aliyokuwa akifundisha, akaihamishia Bugarama kwenye kinu cha mpunga, akaijaza mizimu na vitisho, katika madaftari manne ambayo Niyitegeka aliyachukua akayachape kwenye kompyuta. Madaftari hayakurudi, kitabu kikatoka Februari 2025 kwa jina la Niyitegeka, na nilipomuuliza alisema hadithi ni ya Mfaransa aliyekufa zamani, tunagombania nini. Dada, ambaye figo zilikuwa zimemlaza tangu Novemba, aliniambia: "Ule muzee alijenga nyumba, miye ndiye niliingizamo bazimu."

Alifariki tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Rusizi II kuja kutufariji, na walimu wenzake.

Sijamwita mtu mwizi, ila shaka imenikaa rohoni na siwezi kumzika dada yangu nayo. Katika kitabu kile kuna mzimu wa mtoto anayelia kinuni, anaitwa Gasaro, na ninamuomba mwalimu Niyitegeka, aliyeketi pale, atuambie jina hilo amelitoa wapi, nami nitanyamaza nimsubiri.

Basi nitasema mimi. Gasaro ni mtoto wa tatu wa dada yangu, alizaliwa na kufa tarehe 2 Juni 2007, hakuandikishwa popote, na jina lake tulilijua watu watatu tu, baba yake, mimi niliyemzika, na mama yake aliyeandika kitabu.

Gaudiose, mwandishi wetu, pumzika kwa amani pamoja naye.