Delphine Linklater, Aliyeandikwa Rosalie

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 katika kambi ya baba yake ya kutega wanyama, kaskazini mwa Manitoba, Kanada, akiwa mtoto wa pili wa mzee Zacharie Linklater na mkewe Sabine. Aliitwa Delphine. Naomba jina hilo mlishike, kwa sababu karatasi zote za serikali zinasema jingine. Mimi ninayesoma ni Yvonne, kifungua mimba wake.

Septemba 1954 ndege ya kutua majini ilimchukua yeye na dada yake Rosalie, aliyemzidi mwaka mmoja, ikawapeleka shule ya bweni ya kanisa. Walinyolewa nywele sawasawa, na kusema Kikrii, lugha yetu, kulikuwa kosa la kuchapwa. Februari 1956 surua iliingia. Kila kitanda cha mgonjwa kilibandikwa jina. Mama alikuwa akitetemeka, na kitanda cha Rosalie ndicho kilichokuwa karibu na jiko la kuni. Rosalie akamwambia, "Wee, njoo ulale kwangu, mimi naenda kwako. Na usikohoe, watatusikia." Asubuhi ya tarehe 19 Rosalie alikutwa amekufa kwenye kitanda cha Delphine. Mtawa akaandika daftarini jina lililobandikwa.

Mama alisema, "Delphine ni mimi." Akachapwa kwa kusema uongo. Akasema tena, akachapwa tena. Mwishowe akanyamaza.

Juni alirudishwa nyumbani. Bibi Sabine alikuwa gatini, naye alikwishapata barua kwamba Delphine amefariki; alikuwa amemlilia miezi minne. Alipomwona akishuka alipiga kelele za furaha, akamkumbatia, kisha akautazama mlango wa ndege. "Dada yako yuko wapi?" Mama alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyelazimika kujibu.

Alifanya kazi kiwanda cha samaki miaka thelathini na moja. Kwa kutoa minofu hakuwa na mpinzani, na sisi alitutania bila huruma: "Yvonne, huyo samaki amekukosea nini?" Tarehe 8 Juni 1968 aliolewa na Ovide Dumas. Padri alipouliza kama Rosalie anakubali, alikaa kimya mpaka baba akamkanyaga mguu.

Mwaka 2011 ililetwa barua ya kuombwa radhi kutoka kwa askofu, imeandikwa vizuri, na juu yake: Bi. Rosalie. Mama alicheka mpaka akashika meza. "Jamani, mnayemwomba radhi alishakufa!" Akairudisha ndani ya bahasha, akaandika nje: "Mwenye barua hayupo. Amelala kwenu." Halafu alikwenda chumbani akalia.

Mwaka huohuo aliomba daftari la shule lirekebishwe. Walitaka shahidi. Shahidi gani, wakati waliokuwemo chumbani mle wote wamekufa? Miaka kumi na mitatu alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Wiki ya mwisho aliniambia, "Nililala pale penye joto, Yvonne. Halafu nikachukua na jina lake. Mrudishie." Alifariki nyumbani tarehe 6 Mei 2024.

Ametanguliwa na mumewe Ovide, aliyefariki mwaka 2003. Ameacha watoto wawili, mimi na Norbert, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Kibali cha mazishi kinasema leo tunamzika Rosalie. Si kweli, na sitakisoma. Kwenye makaburi ya shule kuna msalaba wenye jina la mama yangu, na chini yake amelala mtoto wa miaka tisa ambaye hajawahi kuombewa kwa jina lake. Norbert amechonga msalaba mwingine, umo ndani ya pikapu hapo nje. Tukitoka hapa tunakwenda huko, kibali kiwepo kisiwepo.

Baba padri uliyetumwa na askofu, nakuona safu ya pili. Mama aliirudisha barua yenu, na mimi hasira zangu bado ninazo. Lakini msalaba ni mzito na njia ni ya tope. Njoo ushike upande mmoja.

Delphine apumzike kwa amani. Rosalie, tunakuja.