Nitilie Uzi, Mjukuu Wangu: Kumuaga Bibi Verna Bighetty

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi alasiri, Bibi Verna Bighetty atafunga droo ya meza ya mapokezi katika Ofisi ya Ustawi wa Wanafunzi, atabeba kikapu chake cha shanga, na atastaafu. Atakuwa ametumikia chuo hiki miaka ishirini na tisa na miezi tisa. Aliingia mlango huo huo Jumanne ya tarehe 5 Septemba 1995, kwa mkataba wa miezi minne tu, kumshikia nafasi mama mmoja aliyekwenda kujifungua. Mama yule hakurudi. Mtoto aliyezaliwa alikuja kusoma hapa hapa, na siku ya kwanza alikalishwa kwenye kiti kilicho kando ya meza ya Bibi Verna kama wenzake wote.

Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba maneno mia tano. Nimemjibu kwamba maneno mia tano hayatoshi hata kwa kikapu chenyewe, na yeye, kwa kuwa naye aliwahi kukaa kwenye kile kiti, ameniachia niandike niwezavyo.

Kwenye makaratasi ya chuo Bibi Verna ni mhudumu wa mapokezi. Kazi yake ni kupokea simu, kupanga miadi na kumwambia mwanafunzi asubiri kidogo. Sisi washauri nasaha tuna vyeti vimetundikwa ukutani. Lakini jamani, tuseme ukweli hapa mbele ya watu: wanafunzi wengi walikuwa wameshapona nusu kabla hawajafika mlangoni kwetu, na wengine hawakufika kabisa, kwa kuwa hawakuwa na haja tena.

Wengi wao ni wenyeji wa asili wa nchi hii na wanatoka kaskazini, vijiji ambavyo havifikiwi ila kwa ndege, au kwa barabara ya barafu ziwa likiganda. Wanatua katika jiji hili la Winnipeg wakiwa na miaka kumi na minane, mahali ambapo hakuna anayemjua bibi yao. Ndipo wanakutana na mama mfupi, mwenye sweta la zambarau na miwani iliyoning'inia kifuani, anayewauliza swali moja tu: "Mtoto wa nani wewe?" Mwanafunzi anataja jina la mama. Halafu la bibi. Sijawahi kumwona Bibi Verna akihitaji jina la nne. "Aa, wewe basi ni wa kwa akina Linklater! Shangazi yako alinimwagia chai harusini mwaka sabini na nane, na hajaniomba radhi mpaka leo!" Na yule kijana, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anatazama viatu vyake, sasa anaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima huku anacheka.

Likishaisha swali, inakuja sindano. "Nitilie uzi, mjukuu wangu, macho yangu hayaoni." Kwenye meza yake daima kuna viatu vya ngozi ya muusi, yule kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini, vilivyoshonwa nusu, na maua ya shanga yanayosubiri petali. Mwanafunzi anatia uzi. Kisha anaombwa amtafutie shanga nyekundu. Kisha, kwa kuwa amekwisha kuishika sindano, si ashone mstari mmoja tu. Mikono ikishakuwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Macho ya Bibi Verna hayaoni tangu mwaka 1995, lakini mwanafunzi akitokea mwisho wa korido bila glavu anamwona na kumgombeza kwa jina.

Mambo aliyoyafanya ni mengi, na mengine yana hati. Yeye ndiye aliyefanya swali la "sababu ya kuja" liondolewe juu ya fomu na kuwekwa mwisho, baada ya chai. Yeye ndiye aliyepigania, kikao baada ya kikao, turuhusiwe kufukiza majani yetu ya sala humu ndani. Kibali kilipotoka Januari 2004, alifukiza siku hiyo hiyo, king'ora cha moto kikalia, na jengo zima likatolewa nje kwenye theluji, mkuu wa chuo wa wakati huo akiwa na shati tu. Bibi Verna alitoka wa mwisho, amebeba birika. Wazima moto walikunywa chai, wakala mkate wa banoki, na mmoja wao aliulizwa ni mtoto wa nani. Jibu lake lilimfanya kuwa binamu.

Sasa nifike kwangu, maana siwezi kumwandika Bibi Verna nikajificha.

Mimi ni Darcy Friesen, mshauri nasaha. Nilizaliwa Mkrii, kabila moja na Bibi Verna. Nikiwa na miezi minane nilichukuliwa na watu wa serikali, kama walivyochukuliwa watoto wetu wengi miaka ile, nikapewa Wazungu wakulima wa ngano, akina Friesen, kusini mwa mkoa huu. Walinipenda, na ninawapenda. Lakini nilipofika hapa mwaka 2011 na shahada zangu mbili, Bibi Verna akaniuliza mtoto wa nani mimi, nikajibu kwa adabu, "Friesen." Aliutazama uso wangu. Akacheka mpaka akashikilia meza. "Friesen! Na hiyo pua umeitoa wapi, ghalani?" Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikatambua kwamba watu wa kwetu hawamtanii mtu wasiyemtaka.

Februari 2013 nilifanya kosa ambalo bado linanichoma. Mwanafunzi wa uuguzi, Trina Linklater wa kijiji kile kile cha Pukatawagan anakotoka Bibi Verna, alikuja kwenye miadi yake. Msuko wake uliokuwa ukifika kiunoni ulikuwa umekatwa, nywele zimeishia shingoni. Nami, kwa uchangamfu wangu wote, nikasema, "Loo! Nywele fupi zimekupendeza kweli!" Trina alinitazama, akachukua koti, akaondoka. Nikaandika kwenye faili: hataki ushirikiano.

Bibi Verna aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniambia taratibu, bila kupaza sauti, na afadhali angepaza. Kaka yake Trina alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Kwetu mtu akifiwa hukata msuko wake. "Umemsifia msiba, mwanangu."

Kila mtoto wa kaskazini analijua hilo kabla hajajua kusoma. Mimi, Mkrii mwenye miaka thelathini na minne na vyeti vya kutibu huzuni, sikulijua. Na Trina alikuwa ameshafunga begi. Basi lake la kurudi kaskazini lilikuwa Jumatano jioni. Bibi Verna hakuwa na wasiwasi na masomo. Mwaka ule tulikuwa tumeshawazika vijana wetu wawili waliojiua, wote wawili walioondoka hapa na huzuni kama ile, kimya kimya. "Namwogopea huko njiani," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona mikono yake haina sindano.

Nilikaa nikaandika barua ya kuacha kazi. Niliandika kwamba mimi si mmoja wa watu hawa na sitajifanya tena. Nikampa aipeleke kwa mkuu wa chuo. Aliisoma mara mbili, bila miwani, akaipapasa kwa kidole gumba. "Karatasi nzuri hii, ngumu," akasema, akaiweka chini ya kikapu. "Jumatatu saa nane uwe na gari mlangoni. Ulete supu."

Tulikwenda hosteli kwa Trina mchana wa Jumatatu. Mlangoni Bibi Verna alinipa masharti: "Leo hutibu mtu. Leo unatia uzi." Tukakaa. Trina alikuwa kitandani, ametazama ukuta. Hakuna aliyesema neno kwa saa mbili. Sisi tuliosomea kazi hii tunaogopa ukimya, tunaukimbilia kuuziba. Nilitaka kusema kitu mara kumi na moja, na mara kumi na moja Bibi Verna alinikanyaga mguu.

Jumanne tulirudi, na siku hiyo alisema Bibi Verna. Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Alisema akiwa na miaka sita alipelekwa shule ya bweni, moja ya zile za serikali za kuwasahaulisha watoto wetu lugha na mila zao, na siku ya kwanza mwanamke mmoja mwenye mkasi mkubwa alimkata misuko yote miwili, ikaanguka sakafuni, ikafagiliwa pamoja na ya wenzake. Akapewa namba. Kwa miaka minane hakuna mkubwa aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Mama alipofariki baadaye, Verna alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alichukua mkasi mwenyewe akakata. "Mara ya kwanza waliniibia," alimwambia Trina. "Mara ya pili nilitoa mimi. Nywele zilikuwa zangu, na huzuni ilikuwa yangu. Hizo ulizokata wewe ni zako, mjukuu wangu. Huyu bwege hawezi kuzichukua, hata akizisifia." Bwege alikuwa mimi. Sijawahi kutukanwa nikajisikia nimeheshimiwa namna ile.

Nilimtazama mama huyu, ambaye shule ilimnyang'anya jina, akichagua kufanya kazi miaka yote hiyo ndani ya jengo la shule ili awaulize watoto majina yao. Mpaka leo sijui nguvu ile anaitoa wapi. Nimesoma vitabu vingi kuhusu ustahimilivu. Hakuna kilichonieleza.

Jumatano, siku ya basi, begi lilikuwa mlangoni. Tulikaa, tukashona. Kama saa tisa na nusu hivi, Trina akageuka, akautazama mstari wangu wa shanga, uliopanda kushoto, ukashuka, ukarudi tena. Neno lake la kwanza katika siku tatu lilikuwa hili: "Bibi, huyu mshauri wenu alifundishwa kushona na nani? Ng'ombe?"

"Na akina Friesen," Bibi Verna akajibu bila kuinua kichwa. "Wale wanajua ngano tu."

Trina akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikawa kirefu, na sisi hatukukizuia. Nilimwomba radhi. "Najua ulisema kwa moyo mzuri," alisema, akifuta pua na mkono wa sweta. "Ila usirudie. Na lete hiyo sindano, unaniumiza macho." Alikula bakuli mbili za supu. Basi liliondoka bila yeye.

Mimi niliendelea kusubiri jibu la barua yangu. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Kisha nikaona aibu kuulizia, nikaendelea na kazi, na nikaendelea kutia uzi. Tangu hapo kila mwanafunzi wa ofisi yetu anayehitimu hupewa na Bibi Verna jozi ya viatu vya shanga avae siku ya joho. Mpaka mwaka huu ni jozi sitini na moja. Jozi ya kwanza ilivaliwa na Trina, ambaye leo ni muuguzi kwenye kituo cha afya kaskazini. Ijumaa atakuja. Msuko umefika tena kiunoni.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoa vitu kwenye droo za Bibi Verna. Tulipata vijiko kumi na tisa, funguo za milango iliyokwisha kubomolewa, na chini kabisa kipande cha karatasi ngumu, kimekatwa umbo la wayo wa mguu, kingo zake nyeusi kwa penseli. Kilikuwa kiolezo anachokatia ngozi. Nilikigeuza nikaona mwandiko wangu. Mimi si mmoja wa watu hawa. Barua yangu, jamani. Jozi zote sitini na moja zilikatwa kwa kuizungusha ile barua juu ya ngozi, akiongeza au kupunguza upana wa kidole kulingana na mguu wa mtoto. Watoto sitini na mmoja wamevuka jukwaa wakiikanyaga, na mimi nilikuwa nawapigia makofi.

Bibi Verna akanitazama. "Bado unataka kuacha? Sema tu nimpelekee mkuu, ofisi yake ipo pale pale." Mkuu wetu wa sasa, najua ndiyo kwanza unasikia habari hizi. Samahani sana.

Kabla sijajibu, simu ya mezani ikalia, nikaipokea mimi. Alikuwa mzee mmoja wa Pukatawagan, anaulizia sherehe ya Ijumaa. Aliposikia sauti ngeni, akauliza kama wanavyouliza wote: "Na wewe mtoto wa nani?" Kwa swali hilo nina maelezo yangu marefu, kwamba nilichukuliwa, kwamba sijui, kwamba Bibi Verna amenitafutia mama yangu miaka kumi na minne, akitangaza mpaka kwenye redio za vijijini, na mara mbili tulidhani tumempata na mara mbili hakuwa yeye. Nilifungua mdomo nianze. Bibi Verna, kichwa bado kiko ndani ya boksi la vijiko, akasema, "Mwambie wangu."

Nikamwambia. Mzee akasema, "Aa, kumbe," kisha akauliza chakula kitaanza saa ngapi.

Bibi Verna, kwa niaba ya wenzako wote na wajukuu wako uliowatoa kwenye korido ile, asante. Nenda kapumzike, kavue samaki, kanywe chai yako ya maziwa ya kopo bila simu kukulilia sikioni. Miaka iliyobaki iwe mingi, na yote iwe yako. Kiolezo ninacho mimi sasa, kiti kiko mahali pake, na kuanzia Jumatatu macho yatakayokuwa hayaoni ni yangu.