Cecilia Hakuwa Kichekesho

Marehemu Cecilia Klementi Chilumba alizaliwa Milola tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee Klementi na mama Magdalena. Alisoma hapohapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1985. Baadaye alihamia Kilwa Kivinje, akawa akiuza vitumbua na chapati. Ungemkuta anamkaripia mteja aliyepita bila salamu, huku anamwongezea kitumbua cha bure.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Yohana. Walijaliwa Happiness na Jerome.

Mwaka 2009 Jerome alifariki kwa malaria, naye Cecilia akaanza kula kwa kujificha. Alikula hadi tumbo likamuuma, akalia, akala tena. Watu wakamwita Simtanki. Kwenye arusi ya binamu yake, mshereheshaji alitangaza: “Mpisheni Simtanki ajaze kwanza!” Ukumbi mzima ukacheka. Baadhi ya waliocheka wamekaa hapa leo, viti vya mbele, wamejitanda khanga za msiba.

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na kisukari. Hakuna aliyemsogelea ila Zakia, jirani yake. “Shoga,” alimwambia, “hamu ikikushika, usifunue sufuria. Njoo ugonge kwangu.” Akawa anakwenda. Zakia na tasbihi yake, Cecilia na rozari yake, wakikaa mkeka mmoja mpaka hamu ipite. Alirudi kula mezani na mumewe: ugali wa mtama, mlenda, kunde, samaki wa kuchemsha. Alianguka mara nyingi, akatubu, akaanza upya, hadi kula kwa kujificha kukakoma.

Alipopungua mwili, watu wakanong’ona kuwa ana ngoma, yaani UKIMWI. Mteja mmoja aliyekuja kununua vitumbua alithubutu kumuuliza, akajibiwa: “Nilipokuwa mnene mlinicheka. Nimepungua, mnanizika. Chukua bakuli lako uende!”

Lakini sukari ilikuwa imekwisha kuharibu figo. Januari 2025 alivimba miguu, akalazwa Lindi. Mgeni mmoja alimletea keki na soda, akasema, “Kula tu, dada, umejinyima vya kutosha.” Cecilia alijiinua kitandani. “Sikujinyima,” alisema. “Nilikuwa nashiba.”

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2025.

Ameacha mume, Yohana, binti, Happiness, wajukuu wawili, dada yake, Agnes, na Zakia, ambaye amekaa na wafiwa, wala mtu asimwondoe.

Mungu ampumzishe Cecilia kwa amani. Familia yake bado ina hasira.